Tanbihi ya Mbuzi

Miaka thelathini na mitatu nimesoma barua za Marekani,
si za mapenzi: za wizara kwa balozi, balozi kwa wizara,
zenye mihuri ya siri iliyokwisha makali
kama wembe wa kinyozi wa mnadani.
Wenzangu chuoni walichagua Majimaji, wengine watemi.
Mimi, mtoto wa Makambako, nilitaka kujua
taifa kubwa linawaza nini likitutazama.
Jibu, kwa kifupi: mara nyingi haliwazi.

Nyumbani hawakuielewa kazi yangu.
Anafundisha Kiingereza? Hapana.
Mwanasheria? Hapana.
"Anasoma barua za watu," mama aliwaambia,
akigeuza kande, "na wanamlipa."

Ng'ambo, kwenye jumba la nyaraka,
ambako kalamu ya wino ni kosa na koti unaliacha mlangoni,
siku moja nililetewa boksi la barabara yetu,
enzi ikiwa bado mstari wa penseli
kutoka baharini hadi Zambia.
Kurasa mia sita: saruji, kalavati,
hofu ya Wachina na reli yao.
Katikati, kikaratasi cha rangi ya chai iliyopoa:

*Makambako, Agosti 1968. Mbuzi mmoja, jike, mwenye mimba,
amegongwa na gari la wapimaji.
Fidia: shilingi arobaini. Mwenye mbuzi amepokea.*

Na chini yake, dole gumba.

Nilikijua kidole kile.
Kina kovu la mundu, limekatiza mistari
kama njia ya mkato shambani.
Sikulia. Nilijaza fomu ya kunakili,
senti kumi na tano kwa ukurasa.

Nilishuka stendi ya Makambako Juni,
upepo ukanivua kilemba mbele ya wauza viazi.
Mama aliishika nakala mbali na macho.
"Kidole changu hiki. Wameandika nini?"
Nikamsomea.
"Arobaini?"
Upepo ukayapiga mabati, ukapita, ukarudi.
"Mimi nilipewa thelathini."

Nimeandika vitabu vitatu juu ya misaada:
fedha iliyotoka, fedha iliyofika,
na bonde lililo kati yake.
Nina majedwali. Nina nadharia yenye jina refu
ambalo wanafunzi hulikosea kwenye mtihani.
Lakini sikuwahi kukaa bondeni kwenyewe,
juu ya kigoda, moshi wa miwati machoni,
mama akihesabu kwa vidole: kumi, ishirini, thelathini.
Basi.

"Kumi zilikwenda wapi?"
niliuliza kwa sauti ya ukumbi wa mihadhara.
"Kwa mkalimani."
"Nani?"
"Mjomba wako Yoramu. Nani mwingine alikuwa na Kiingereza?"

Mjomba Yoramu Mbilinyi, mzee wa kanisa,
aliyenifundisha kusoma kwa makaa ukutani!
"Usimtukane marehemu," mama akasema.
"Yule Bwana Kalahani alitaka kutoa ishirini.
Yoramu akamwambia mbuzi ana mimba ya mapacha."
"Alikuwa nayo?"
"Mbuzi yule? Alikuwa bibi kizee. Hata meno hana."
Akacheka mpaka akashika ubavu.
"Mzungu akavua kofia. Akampa pole mbuzi."

Nikahesabu upya, mimi daktari wa falsafa:
ishirini za ukweli, ishirini za uongo,
uongo wakagawana nusu kwa nusu, ndugu kwa dada.
Hakuna balozi niliyemsoma
aliyeondoka mezani na mkataba safi kama ule.

"Na nyama?"
"Tuliila. Kalahani naye alikula, na ulanzi juu.
Alilala garini, miguu nje."

Hilo halimo kwenye boksi.

Mhariri amenirudishia mswada wiki hii.
Tanbihi ya mia mbili kumi na nne:
*Mahojiano, jikoni, Makambako.*
Pembeni ameweka alama ya kuuliza, kwa penseli nyekundu,
anataka jina la mkalimani,
na uthibitisho wa hali ya mnyama.

Jina nimempa; marehemu angelipenda, limepigwa chapa.
Shilingi kumi nazo nimezitaja, mama karuhusu.
Mbuzi nimemwacha na mimba yake.